Osha Kwanza, Ndipo Uite Jina

Kosa la kwanza mbele ya Muzee wa Moteri lilikuwa kumweleza jinsi gari lako lilivyokufa. Wenye magari walifika wamefura, wakaanza kusimulia kabla hata ya salamu: shofere amekimbiza, shofere hakutia maji, shofere amenimaliza. Mzee aliinua kiganja chake cheusi. "Nyamaza kwanza. Weye haukukuwa ndani ya moteri." Kisha alilizunguka gari polepole, akiligusa hapa na pale kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa, na watu wazima waliokuwa wakipayuka wakasimama wakimtazama.

Nilimjua kwa miaka mingi, kwa sababu banda langu la chai na mandazi hapa Kasongo liliegemeana na garaji yake. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati yaliyooza. Mazutu yake ya magari yalinukia kwenye unga wangu, moshi wa jiko langu uliingia machoni mwake, na hakuna wiki iliyopita bila kuzozana. Yeye alisema ninamfukiza kama nyama. Mimi nilisema wateja wangu wanakunywa chai ya mazutu kwa ajili yake. Asubuhi tulitukanana kwa adabu, saa nne akatuma kikombe chake kupitia tundu la mabati, nami nikakijaza.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Mjini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Muzee wa Moteri, yaani mzee wa injini, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na injini yoyote aliyoikataa yeye, mafundi wengine hawakujisumbua kuifungua.

Watu hawakumletea magari ya kutengenezwa tu, walimletea pia maiti za moteri, aseme zimekufaje. Moteri ikifia njiani huku kwetu, kwenye udongo wa njia ya Kabambare, si jambo dogo. Mwenye gari hutafuta wa kulaumu, na aliye karibu zaidi ni yule aliyeshika usukani. Kwa hiyo neno la Mzee lilikuwa na uzito wa kutisha. Akisema maji yalikauka na shofere akaendelea, shofere huyo amekwisha, hakuna atakayempa gari tena kuanzia hapa hadi Salamabila. Akisema chuma kimechoka, shofere anarudi kwa watoto wake. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakitetemeka huku yule mzee mwembamba akinusa kijiti cha kupimia mafuta. Siku moja ilifika zamu ya kaka yangu. Alikuwa amefungwa kwenye kasho ya polisi kule Wamaza, gari la jipu la tajiri wake limelala bovu uani mwa watu, na mimi nilikuwa nimeshika beseni la esanse ya kuoshea vyuma pembeni ya Mzee. Nitafika hapo. Lakini bila kumjua alivyofanya kazi huwezi kuelewa kilichotokea juu ya beseni lile.

Kwanza, neno "mafuta" lilipigwa marufuku ndani ya garaji yake. Sababu ilikuwa mashine moja ya kusaga muhogo. Mwenye mashine alisafiri, akampigia simu mke wake: mashine ikilia vibaya, ongeza mafuta. Mashine ililia, na yule mama mtiifu akaongeza mafuta ya mawese aliyoyakamua mwenyewe, mekundu na safi kabisa. Mashine ikafanya kazi kwa muda, mtaa mzima ukinukia kama sikukuu, kisha ikakaza na kukataa kuzunguka. Mume alirudi akiapa kwamba mke atarudi kwao siku hiyohiyo. Waliiburuta mashine hadi kwa Mzee, mama akifuata nyuma na mtoto mgongoni, machozi yakimtoka. Mzee akanusa. Akachovya kidole, akagusisha ulimini. Halafu akakaa chini, akacheka hadi akashika mbavu.

"Hii moteri ilikuwa inapika sombe!"

Mume hakucheka utani ule wa kisamvu. "Sasa sema basi, muzee. Nani ameiua?"

Kicheko kikamwishia Mzee palepale. "Mimi sisemaka mutu. Moteri inasema kitu chenye kimeiua, haisemi mutu. Na hii, neno njo liliiua. Ulimuambia bibi yako mafuta. Kwa mama, mafuta njo mawese. Haiko bibi, iko kinywa yako. Rudi naye nyumbani."

Mama yule alirudi nyumbani kwake. Tangu siku ile, kwa Mzee ilikuwa lazima useme mazutu kama unataka dizeli, esanse kama unataka petroli, au wili kama unataka ya kulainisha moteri, la sivyo hakujibu. Mimi nilipenda kumchokoza, nikimwita juu ya mabati: "Muzee, nisaidie mafuta kidogo!" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Hiyo kitu siijui."

Halafu vitambaa. Mafundi wengine wakifungua injini huziba matundu yake kwa matambara yoyote, ili vumbi lisiingie wala nati isitumbukie. Yeye alitumia vyekundu tu. Alinunua kitambaa chekundu sokoni, akakichana mwenyewe, akasema ndani ya moteri hakuna kitu chekundu, kwa hiyo hata mlevi atakiona kabla ya kufunga. Kila jioni alivifua, akavitandaza juu ya jiwe lililo karibu na ukuta wangu, akavihesabu kwa sauti. Nilizoea hesabu ile kama nilivyozoea adhana ya msikitini na kengele ya kanisa letu. Ilipokwisha, nilijua ni wakati wa kuzima moto.

Na kubwa kuliko yote: kuosha. Kinachotoka ndani ya injini huwa cheusi, na vitu vyeusi hufanana. Fundi mmoja mwenye haraka aliwahi kuchomoa kitu kwenye bomba la hewa la lori, akakiinua juu na kutangaza kwamba ni kipande cha pistoni, lori limekwisha. Mwenye lori akashika kichwa. Mzee alikichukua kitu kile, akakitia kwenye beseni la esanse, akakisugua kwa kidole gumba. Kikawa kokwa la mchikichi. Panya alikuwa amejiwekea akiba yake mle. "Osha kwanza, njo uite jina," alimwambia fundi yule, na tangu hapo aliyasema maneno hayo kila siku, kwa kila mtu. Aliniambia hata mimi nilipomsema vibaya jirani mmoja kwa habari niliyoipata nusu. "Mama Mandazi, umeiosha hiyo?"

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alichukia kukosea kuliko alivyochukia moshi wangu. Aliwahi kusema pikipiki ya kijana mmoja imekufa ndani kabisa, ikaonekana ni waya tu uliolegea, na wiki nzima hakunisalimia, mimi ambaye sikusema chochote. Nilicheka tu. Tena alikuwa mwongo wa mambo madogo. Alikula mandazi yangu kwa kunyofoa kwenye sinia nikiwa nimegeuka, na nikimwuliza amekula mangapi alisema hajala, chembe zikiwa zimejaa ndevuni. Kwenye moteri alikuwa mtu wa kweli, kwenye mandazi alikuwa mwizi. Nilikuwa nikiwaambia wateja hivyo, nao walicheka, naye akacheka upande wa pili wa mabati.

Na hakupanda gari. Mtu aliyefufua nusu ya magari ya Kasongo alikwenda kila mahali kwa baiskeli, mvua au jua, na walipomwomba angalau apande kulijaribu gari alilolitengeneza, alirudi nyuma hatua kadhaa. "Najua mikono yangu," alisema. Tulidhani ni unyenyekevu, au ni utani wa wazee.

Sasa kaka yangu. Yeye ni mkubwa wangu, mtu mpole, hata ndoa yake ilipangwa na shangazi kwa sababu aliona haya kusema. Aliendesha jipu la mfanyabiashara mmoja, akipeleka mchele na chumvi kwa wachimbaji wa Salamabila. Jipu lile lilikuwa limetoka mikononi mwa Mzee siku chache kabla ya safari. Alilifungua, akalifunga, akalipangusa, akasema liende. Kaka alipita Wamaza vizuri, na mbele kidogo moteri ikaanza kugonga. Alikanyaga breki ili azime, lakini kabla hajagusa ufunguo ikakaza yenyewe, ikanyamaza. Lori lililopita likalivuta jipu hadi Wamaza na kuliacha uani kwa ndugu wa tajiri.

Tajiri alikuja kutoka Salamabila kwa pikipiki, akamfungisha kaka kwenye kasho siku hiyohiyo. Alisema kaka ameuza wili nzuri kwa wenye mashine za kunyonya maji machimboni, akatia wili chakavu ndani ya moteri. Kaka alipokana, tajiri alikuwa na jibu ambalo hakuna aliyeweza kulipinga: gari limetoka kwa Muzee wa Moteri. Kama limetoka kwake, ubovu hauwezi kuwa ndani ya gari, ubovu uko kwa shofere. Akasema atampeleka mbele ya sheria hapa Kasongo, na kwamba anamngoja Mzee tu aje athibitishe. Sifa ya jirani yangu ndiyo iliyomfunga kaka yangu. Hilo lilinichoma kwa namna nisiyoweza kuieleza.

Kijana wa pikipiki aliniletea habari nikiwa nakaanga. Niliacha karai juu ya moto, nikazunguka ukuta, nikamkuta Mzee amechuchumaa karibu na jiwe lake la vitambaa. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Nilingoja aniambie ninyamaze, aseme sikuwa ndani ya moteri. Hakusema hivyo. Alitazama vitambaa vyake, kisha akanitazama mimi.

"Wamekwisha kuifungua?"

"Bado. Wanakungojea weye, baba."

"Mutu asiifungue. Nitaenda mimi mwenyewe."

Nililia kwa shukrani pale pale, mbele ya wateja wangu. Mzee mwenye magoti mabovu, kutoka Kasongo hadi Wamaza kwa baiskeli, kwa ajili ya kaka yangu! Alifunga vyombo vyake kwenye baiskeli asubuhi iliyofuata. Mimi nilitangulia kwa pikipiki.

Kwenye kasho ya Wamaza waliniruhusu kumwona kaka kupitia mlango. Mdomo wake ulikuwa umevimba, jicho moja halikufunguka. "Yaya, wamekupiga?" nilimwuliza, nikimwita kama tunavyomwita mkubwa wetu, swali la kijinga. Akasema, "Muzee akifika itakwisha. Ye haseme bongo." Alikuwa na imani kuliko mimi kwamba Mzee hasemi uongo. Mimi niliogopa. Niliijua wili ya jipu lile kuwa nyeusi, maana kila wili iliyopita njia zetu ni nyeusi, na nilijua neno moja tu la Mzee kuhusu weusi ule lingetosha kummaliza.

Mzee alifika kesho yake jua likiwa kichwani, vumbi limempaka hadi kwenye kope. Uani walikuwa wamejaa watu: tajiri, komanda wa polisi, ndugu wa tajiri, na Wamaza nzima iliyokuwa haina shughuli. Tajiri alianza mara moja. Wili, wachimbaji, wizi, alieleza yote, akinyoosha kidole upande wa kasho. Nami nilingoja kile kiganja kiinuke. Hakikuinuka. Mzee alimwacha aseme hadi mwisho, kichwa chini, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Katika miaka yote ya ujirani sikuwahi kumwona akimruhusu mtu kusema kabla ya moteri.

Akachomoa kijiti, akanusa. "Wili iko nyeusi," alisema taratibu.

"Munasikia!" tajiri alipiga makofi. "Komanda, umesikia?"

"Nimesikia," alisema komanda.

Mzee akaingia chini ya jipu, akaanza kufungua karteri, lile sinia la chuma la chini ambamo wili hukaa. Akasema watu wasogee mbali, anataka hewa. Wakasogea hadi kwenye ua wa matete. Mimi sikusogea. Nilikuwa nimenunua esanse, nimeimimina kwenye beseni jeupe nililoliazima kwa mwenye nyumba, na nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili.

"Mama Mandazi, weka chini. Enda kwenye kivuli."

"Nitashika, baba."

"Iko kazi ya wanaume hii," tajiri alinipigia kelele kutoka kwenye ua wa matete.

"Nimeshika mabeseni tangu nilipoota meno," nikamjibu. "Hili halitanishinda." Watu wakacheka, tajiri akakunja uso. Mimi sikuwa nikicheka. Nilitaka kuona kwa macho yangu kila kitu kitakachotoka mle, kwa sababu maisha ya kaka yangu yangetoka mle.

Karteri ikashuka. Juu yake, ndani ya tumbo la moteri, kuna chujio ambalo wili hupita kabla ya kupandishwa kwenye vyuma. Nilinyoosha shingo. Chujio lilikuwa limezibwa na donge jeusi, laini, kama ugali uliochanganywa na masizi. Mzee alilivuta kwa vidole viwili. Alipoligusa tu, mkono wake ulisimama. Halafu akalifumbata ndani ya kiganja, akatoka chini ya gari, akabaki amepiga magoti. Alitazama upande wa nyuma ya ua, kwenye majani marefu. Alitazama kundi la watu. Nilidhani amechoka na njia. Nilidhani amesahau.

Kwa hiyo nilimkumbusha. Nilipiga hatua, nikasukuma beseni mbele yake, nikasema kwa sauti ya kujivuna, kama mwanafunzi aliyehifadhi somo, "Baba, osha kwanza, njo uite jina."

Alinitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Mtoto mmoja alikohoa na mama yake akamfinya.

Mzee akatia mkono ndani ya beseni, akafungua kiganja.

Weusi ulitoka kwanza kama wino. Akasugua kwa kidole gumba. Nyuzi zikaanza kuachana. Akasugua tena, na kwenye esanse ile iliyochafuka pakatokea rangi, hafifu mwanzoni, kisha wazi kabisa. Nyekundu. Kilikuwa kipande cha kitambaa, kimechanika vipande viwili vitatu, na ukingo wake umechanwa kwa mkono namna niliyoiona kila jioni juu ya jiwe.

Tajiri alikuwa amesogea. "Nini hii?"

Mzee alisimama kwa shida. Alikiinua kitambaa kile juu, esanse ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Hii ni yangu," alisema. "Nilikisahau ndani. Kimeziba chujio, wili haikupanda, vyuma vikakamatana. Mutoeni ule mutoto kwenye kasho."

"Lakini ulisema wili—"

"Mutoeni!"

Wakamtoa. Tajiri alitaka Mzee aingie mahali pa kaka, lakini komanda alitazama watu wa Wamaza, akaona nyuso zao, akasema tajiri arudi kwake akalale. Kaka alikuja akichechemea, akapiga goti mbele ya Mzee, akamshika miguu. Mzee alijiondoa kama aliyeunguzwa. Alipakia vyombo, akaondoka na baiskeli yake bila kunywa hata maji.

Unadhani watu walimkimbia baada ya hapo? Walimwongezea sifa. Kila shofere kati ya Kasongo na Salamabila alisimulia: mtu aliyejishitaki mwenyewe mbele ya tajiri na polisi! Nami nilikuwa wa kwanza kusimulia. Kila kikombe cha chai nilikiuza na hadithi ile, na kila nilipoisimulia, Mzee alikuwa mrefu zaidi na mkono wake ulikuwa juu zaidi. Alikuwa akinisikia kupitia mabati. Siku moja aligonga bati kwa spana. "Acha!" alisema. Nilidhani ni haya.

Magari yakaongezeka, yeye akapunguza kazi. Kisha akafunga garaji kabisa, akaenda kulima mpunga kwa binti yake upande wa Wamaza. Nilimlilia jirani yule mbishi, na jiko langu likakosa mtu wa kulilalamikia. Kaka alipata gari lingine. Alianza kuchana kitambaa chekundu yeye mwenyewe kila alipofungua moteri, akisema amejifunza kwa mtu aliyemwokoa.

Nilimwona Mzee tena mwaka huu. Nilikuwa nimetoka kuuza Salamabila, nimeketi mbele karibu na kaka, na baada ya Wamaza tukaona mzee anatembea kando ya njia na fimbo, akipapasa udongo kabla ya kila hatua. Kaka alikanyaga breki kabla sijasema kitu. Mzee alikuwa anakwenda Kasongo kwa ajili ya macho yake. Baiskeli ameiacha, haoni mashimo. Kaka alimkumbatia, akachukua mfuko wake, akafungua mlango.

"Apana," alisema Mzee. "Ngojeni kwanza."

Alisimama na fimbo yake katikati ya njia. Alisema bila kuzunguka. Jioni ile alipolifunga jipu la tajiri, alihesabu vitambaa, na kimoja kikapungua. Alijua kimebaki wapi. Lakini gari lilikwisha kuchukuliwa, na kumwita tajiri arudi ilikuwa ni kusema kwamba Muzee wa Moteri amekosea. Akajiambia labda kimeanguka mahali, labda mbuzi amekila. Halafu mimi nikazunguka ukuta nikilia.

"Nilienda Wamaza nikitoe mimi, mutu mwingine asikione," alisema. "Nilikuwa nataka kukitupa kwenye majani. Ningesema iko wili." Aligeuza uso upande niliposimama. "Ni dada yako mwenye alileta beseni."

Nikakumbuka hadithi niliyoimimina kwenye vikombe vya watu miaka yote ile. Nikakumbuka jicho la kaka lisilofunguka.

Kaka ndiye aliyeuliza. "Siku zenye niko kasho, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Walinipiga, muzee."

"Nilijua watakupiga."

Kaka aliingia ndani ya gari, akawasha moteri. Niliona hakika anaondoka, na nasema kweli, nilitaka aondoke. Lakini hakutia gia. Alishuka tena, akamshika Mzee mkono, akamwekea kiganja juu ya boneti.

"Isikilize."

Mzee aliinama, sikio karibu na chuma, macho yale yaliyofifia yakafumba. "Iko muzima," alisema baada ya kitambo. "Nani aliifungua mara ya mwisho?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulihesabu vitambaa?"

"Nilihesabu."

"Na kama kimoja kingepungua?"

"Ningeifungua tena," alisema kaka. "Usiku uleule, watu wakinicheka."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu na kuiona ni ya haki. Kisha akapapasa mlango, akakunja mgongo, akapanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yetu kumwona ndani ya gari. Alishika dashibodi kwa mikono yote miwili hadi Kasongo, na kaka alipunguza mwendo kwenye kila shimo. Mimi nilihamia nyuma juu ya magunia.

Alishukia mbele ya banda langu, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kupumzikia. Ilibidi nifanye kitu. Niliwasha moto, nikamwekea chai yenye sukari nyingi anayoipenda, nikaleta sinia la mandazi. Kabla hajanyoosha mkono, nilileta beseni la maji, nikalisukuma mbele yake.

"Osha kwanza, baba."

Mikono yake ikasimama juu ya maji. Alielewa ni beseni gani nililomkumbusha. Halafu akaosha, taratibu, kidole kwa kidole, na mimi nilishika beseni hadi alipomaliza. Akala. Nilipoondoa sinia nilimwuliza, kama zamani, amekula mangapi.

"Manne," alisema Mzee.

Yalikuwa manne.